Kila Mtu na Mahari Pake

Mwaka wa themanini na nne, nikiwa na miaka kumi na sita, nilifungiwa geti huko Mweiga. Sikufungwa na serikali, wala sikuwa nimeiba kitu cha mtu. Nilikuwa mfanyakazi wa nyumba kwa mjane mmoja tuliyemwita Mama Karanja. Kila asubuhi akitoka kwenda sokoni alivuta geti, akapitisha mnyororo, akafunga kufuli, kisha akaning'iniza ufunguo shingoni kwa uzi wa sufu, ndani ya sweta, pale wanawake wengine wanapoficha pesa. Habari za ukoo wangu siandiki hapa. Walionizaa walikuwa wamekwisha kufa, shangazi aliyenipeleka Mweiga alikuwa na watoto wake wa kulisha, na mwaka ule mvua ilikataa. Hiyo inatosha. Shule niliacha darasa la tatu. Kama msomaji anatafuta Kiswahili cha maprofesa, akatafute kwingine. Hiki changu nilikiokota ukutani, na nitaeleza vile nilikiokota.

Siku hizi binti yangu Wairimu ameniingiza kwenye kikundi cha simu cha chama chetu cha akina mama. Kabla sijavaa viatu asubuhi simu imeshatetemeka: mtu ametuma picha ya waridi, au ya jua likichomoza nyuma ya mlima ambao si wetu, na juu yake maneno ya kutia moyo. Amka ung'ae. Tabasamu, leo ni zawadi. Wote wanajibu amina, amina, na vidole gumba. Mimi sijibu. Wairimu ananiambia, "Mum, si uweke hata kamkono tu? Watasema umejiona." Namwambia mimi sihitaji neno jipya kila asubuhi, niko na moja, nimelisoma kila asubuhi tangu kabla ya yeye kuzaliwa, na bado sijalimaliza. Anacheka. "Lile la makosa?" Ndiyo, lile la makosa. Sidharau maneno ya watu. Lakini neno lililotumwa kwa watu mia kwa kubonyeza kidole halijamchoma mtu kidole. Langu lilinichoma, kwa sindano, mara nyingi, na damu kidogo iliingia kwenye kitambaa na haikutoka hata kwa maji ya chumvi.

Mwezi uliopita Karanja mwenyewe, mtoto wa Mama Karanja, alinipigia. Sauti yake imekuwa ya mzee, sikuitambua mpaka aliposema, "Gathoni, mama amepumzika." Nikavaa koti langu zuri, nikaenda. Watu walijaa uwanjani chini ya turubai, lakini mimi niliingia moja kwa moja mpaka chumba cha wageni, bila kukaribishwa, na nikasimama katikati ya sakafu. Nilitaka kusimama pale tu. Mwaka mzima wa ujana wangu nilikijua chumba kile kwa magoti, maana kila Jumamosi niliipaka sakafu ile rangi nyekundu na kuisugua mpaka ikawaka. Kukikanyaga kwa viatu vya kisigino ni jambo nililokuwa nimejiahidi.

Hebu nikieleze, kwa sababu mambo yote yalitokea humo. Kulikuwa na makochi ya mbao yenye mito ya bluu, kabati ya kioo yenye vikombe ambavyo havikuwahi kuguswa na mdomo, redio iliyovalishwa kitambaa kama bibi harusi, na picha ya marehemu mumewe, ambaye alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Halafu ukuta. Ukuta wa Mama Karanja ulikuwa umejaa maneno. Alikuwa anatengeneza vitambaa vya kupamba nyumba, vya kitambaa cheupe cha marekani, na kila kimoja kilikuwa na maua pembeni na msemo katikati. Misemo alijitungia mwenyewe. NYUMBA HII HAINA HARAKA. MGENI, KETI, DUNIA HAIKIMBII. USILIE, MVUA ITARUDI. Yeye aliandika herufi kwa penseli, kwa mwandiko mzuri aliofundishwa na mumewe, na mimi nilishona juu ya penseli kwa nyuzi za rangi. Alivipeleka soko la Mweiga na wakati mwingine Nyeri mjini, na hakuna nyumba ya watu wa kanisa iliyokosa hata kimoja. Watu waliamka wakiangalia maneno yaliyotoka mikononi mwangu, na mimi sikujua yanasema nini. Nilikuwa nikishona L kama mtu anayeshona fundo.

Kati ya chumba kile na jikoni kulikuwa na kidirisha kidogo cha kupitishia vyombo, na ndicho kilikuwa shule yangu. Mgeni wa kwetu akikaa kungoja chai hakai kimya, anasoma ukuta. Anasoma kwa sauti, polepole, kama anasomea mwenye nyumba barua, halafu anasema "ii, ni kweri." Nami nyuma ya kidirisha, na kitambaa kilichopigwa penseli magotini, nilifuata kwa kidole. Akisema "nyumba" nilitafuta neno la kwanza. Akisema "haraka" nilikwenda la mwisho. Wageni walisoma maneno yale yale kila wiki, kwa hiyo sikuhitaji kumwuliza mtu. Shida ilikuwa moja tu. Wageni wetu wote walisoma, "Usirie, mvua itarudi." Nikatazama kitambaa: kwenye usirie kulikuwa na mti wenye mguu mmoja umelala chini, na kwenye itarudi kulikuwa na mti wenye tumbo na mguu uliokanyaga mbele. Maumbo mawili, sauti moja. Nikawaza sana nikikoroga uji. Mwishowe nikaamua ni herufi moja yenye nguo mbili, ya kazi na ya kanisa, na mtu anachagua anayoipenda. Mimi nilipenda ile yenye tumbo. Inashoneka vizuri.

Nisiseme uongo, Mama Karanja hakunipiga. Wako waliopigwa mwaka ule na majirani wa maana. Yeye alinifungia tu. Msichana wa kabla yangu alikuwa ametoroka na blanketi, na wa kabla yake alitoroka na mwendesha trekta, basi akaamua wa tatu hatatoroka na chochote. Ua wote ulikuwa wa kayaba, ule mti wa miiba mirefu kama misumari, ulioshikana mpaka kuku hapiti. Nyuma kulikuwa na njia ya ng'ombe na Ngunjiri, mchungaji wake, ndiye alikuwa na ufunguo wa huko. Ng'ombe walitoka kila siku kutafuta majani makavu kando ya barabara. Mimi nilibaki. Na hata kama njia ile ingekuwa wazi, ningekwenda wapi? Watu walikuwa wanapanga foleni ya unga tangu alfajiri, wanauziwa mahindi ya manjano yaliyotoka ng'ambo, ugali wake ulinuka gunia na ulishuka kooni kama mchanga. Kwa Mama Karanja nilikula huo ugali mara mbili kwa siku, na strungi, chai kavu bila maziwa, nikiwa nimekaa kwenye kigoda mbele ya moto. Yeye alikula upande mwingine wa kidirisha, kwa kijiko, akisikiliza redio. Nilipomkumbusha ahadi yake, kwamba nikimaliza mwaka ataniingiza kwa fundi wa nguo Nyeri nijifunze cherehani, alinijibu bila kuinua macho, "Ukitoka hapa utakula nini? Cherehani?"

Na alikuwa na neno lake. Kikuyu alikiwekea maombi na watoto. Kugombana aligombana kwa Kiswahili, nafikiri kwa sababu ndivyo mumewe alivyokuwa akigombeza darasa. Nikichelewa kidogo kwenye mlango wa chumba cha wageni, nikisikiliza redio, alisema bila hasira hata kidogo, "Gathoni. Kira mtu na mahari pake." Nikimwaga maji alisema hivyo. Nikikohoa wakati wa maombi alisema hivyo. Neno hilo halikuwa kwenye kitambaa chochote, liliishi mdomoni mwake, na kila akilisema nilisikia kufuli ikigonga mnyororo. Nilikuwa nikilala nalo. Wengine wanapenda maneno kwa sababu yanawapa nguvu. Mimi hilo nililijua kwanza kama mtu anavyojua jiwe lililo ndani ya kiatu chake.

Mwezi wa tisa nilikuwa jikoni nikichambua maharagwe yaliyotobolewa na wadudu, na Mama Njoki, rafiki yake wa kanisani, mama mnene wa kucheka sana, alikuwa amekaa upande wa pili wa kidirisha na kikombe chake. Wakazungumza bei ya viazi, wakazungumza pasta. Halafu Mama Karanja akasema, sauti ile ile ya viazi, "Huyu wangu nitampatia Ngunjiri."

"Ngunjiri wa ng'ombe? Si anaweza kumzaa?"

"Mwanamume hazeeki. Nitawajengea chumba pale nyuma ya zizi. Akiolewa hapa hapa hatoki tena, na kazi inaendelea."

"Na ruracio italipwa wapi?" Ruracio ndiyo yale mambo ya mbuzi na pombe yanayopelekwa kwa wazazi wa msichana.

"Kwa nani? Yeye hana mtu."

Mama Njoki akacheka, akasema, "Wewe Mama Karanja una akiri," wakarudi kwa viazi. Mimi niliendelea kuchambua maharagwe. Mabaya huku, mazuri huku. Nakumbuka niliyachanganya tena yote na kuanza upya, kwa sababu mikono ilikuwa imesahau upande upi ni upi. Ngunjiri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwanamume wa miaka arobaini na kitu, mwenye maneno machache kuliko ng'ombe wake, na sikumwogopa. Niliogopa chumba nyuma ya zizi. Niliogopa kwamba geti lile litakuwa halina haja tena ya kufuli, kwa sababu nitakuwa nimefungwa kwa njia ambayo hata mimi mwenyewe nitaiita nyumbani.

Wiki ile niliiba kipande cha marekani, baki tu la kuchana, na uzi mwekundu. Nikaamua kushona neno lake. Mtu akiniuliza leo nilikuwa na mpango gani, namjibu sikuwa na mpango, nilikuwa na hasira. Nilitaka neno lile litoke mdomoni mwake likae ukutani, wageni wote walisome, na yeye asikie vile linavyosikika ukiwa umekaa upande wa kuambiwa. Hakuna aliyenipigia penseli. Niliandika mwenyewe kwa kipande cha mkaa, kwa masikio yangu, na pale palipokuwa na sauti yenye nguo mbili nikachagua ninavyopenda. Neno "kila" nililiandika sawa, kwa sababu neno hilo nilikuwa nimelishona mara nyingi. Lile lingine sikuwa nimewahi kulishona. Likatoka hivi: KILA MTU NA MAHARI PAKE. Pembeni niliweka maua mawili, basi. Siku ya kufua, vitambaa vyote viliposhushwa, vikatiwa wanga na kupigwa pasi ya makaa, nilivirudisha ukutani na changu katikati yao, juu ya redio.

Alikiona jioni ile ile. Alisimama mbele yake na ufunguo shingoni. "Ni wewe umeshona?" Nikasema ni mimi. Akasoma kwa sauti, taratibu, na nilimwona anapendezwa kama mtu anayekutana na mtoto wake njiani. "Kira mtu na mahari pake. Vizuri. Sasa umeerewa." Akakiacha. Yeye mke wa mwalimu, mwenye mwandiko kama wa kitabu, hakuona kosa. Angelionaje? Ulimi wake ulisema hivyo hivyo, masikio yake yalisikia hivyo hivyo, na macho yakakubaliana na masikio. Wageni wakaja, wakakisoma, wakasema ni kweri. Hakuna mtu wa kwetu angeweza kuona lile kosa.

Aliyeliona ni Hassan. Hassan alikuwa mnunuzi wa mifugo kutoka Nanyuki, Mwislamu, mtu mrefu mwenye kofia iliyofumwa, na mwaka ule wa ukame alizunguka sana huku kwetu kwa sababu watu waliuza ng'ombe kabla hawajaanguka wenyewe. Jumamosi moja alikuja kuangalia fahali wa Mama Karanja. Na kwa vile Mama Karanja hakupenda kupika chai mara mbili, siku hiyo hiyo ndiyo aliyoweka kwa yale maneno ya ndoa: alimwita Mama Njoki awe shahidi, na Ngunjiri akaambiwa anawe miguu aingie ndani. Ngunjiri akakaa pembeni kabisa ya kochi, ndani ya koti la marehemu mwalimu, mikono ya koti ikimfunika vidole. Mimi niliambiwa nilete chai nisubiri kuitwa.

Nilikuwa nimeshika birika nyuma ya kidirisha Hassan alipoanza kusoma ukuta. Alisoma kama wageni wote, kwa sauti. "Nyumba hii haina haraka. Mashallah. Usilie, mvua itarudi. Inshallah." Nikashtuka. Alisema usi-lie. Ulimi wake ulipanda juu ukagusa, kisha kwenye itarudi ukatetemeka. Sauti mbili! Nilitazama kitambaa cha usilie pale ukutani, nikaona ule mti wenye mguu uliolala, na kwa mara ya kwanza nikajua ulikuwa hapo kwa kazi gani. Sikuwa nimemaliza kufikiri hayo alipofika kwa changu. Alisoma, akasoma tena.

"Mama Karanja," akasema, "hapa mmeandika mahari."

"Ndiyo. Mahari."

"Mahari ya kuolea?"

"Wacha wewe! Mahari. Mahari pa kukaa. Pahari."

"Pahari?"

"Ati hujui pahari? Na wewe ndiye Mswahiri hapa!"

Mama Njoki akaingilia, "Hassan, kunywa chai, baba. Si ni kitu moja."

"Si kitu kimoja, mama," Hassan akasema, na sasa alikuwa anacheka. "Mahali ni pa kukaa. Mahari ni ya kupewa. Hapa imeandikwa kila mtu na mahari. Halafu tena pake. Ni nani ameshona?"

Mama Karanja alinyoosha kidevu kuelekea kidirisha. "Ni huyu wa jikoni. Na hata imefaa, maana reo kuna maneno ya ndoa hapa." Akamweleza, kwa fahari, vile atakavyoniozesha kwa Ngunjiri na kutujengea chumba. Hassan akauliza msichana anapewa nini. "Hana mtu wa kupelekewa mbuzi," akamjibu. "Tutafanya tu."

"Kwetu haipelekewi mtu," Hassan akasema. "Mahari inawekwa mkononi mwake msichana. Baba hagusi, mjomba hagusi. Anaulizwa, anataja. Akitaka ndama, ni ndama. Akitaka kufundishwa kusoma, ni hilo." Nilikuwa nimeingia na sinia sasa. Akanigeukia, bila ubaya, kama mtu anayetania mtoto wa dada yake. "Haya binti, wewe uliyeandika. Yako ni nini?"

Ndani ya chumba kile sikuwa nimewahi kuulizwa kitu isipokuwa sukari iko wapi. Sikujua kama nitasema. Nilisikia mtu anasema, "Cherehani," na alikuwa mimi. "Cherehani. Na geti ifunguliwe."

Ngunjiri ndiye aliyetangulia. Aliweka kikombe chini polepole, akasimama, akavua koti la marehemu, akalikunja na kuliweka juu ya kochi. "Mimi sina cherehani," akasema. "Na ufunguo wa geti si yangu." Akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Hayo ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kumsikia akisema, na mpaka leo sijui kama alikuwa anajitetea au ananitetea mimi. Mama Njoki alicheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamwangukia begani. "Uuui, kairitu haka! Kasichana kadogo, ati cherehani!" Mama Karanja hakucheka. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. "Gathoni. Jikoni," akasema. Sikwenda. Nilisimama na sinia. "Gathoni, kira mtu na..." akaanza, na hapo akanyamaza. Nilimwona akilitafuta neno. Hakujua tena ni lipi litatoka mdomoni mwake, la kukaa au la kupewa. Alifunga mdomo. Mimi ndipo nikaenda jikoni, kwa miguu yangu.

Msomaji asifikiri geti lilifunguliwa kesho yake. Kesho yake lilifungwa, na keshokutwa. Aliniongezea kazi, akaninyima hata ile strungi ya jioni, na majuma yale yalikuwa mabaya kuliko yote, kwa sababu sasa nilikuwa nimesema ninachotaka, na mtu akishasema hawezi tena kujidanganya kwamba hataki. Nililia mara nyingi pale kwenye kigoda. Lakini Mama Njoki hakuumbwa kunyamaza. Hadithi ilifika sokoni, ikafika kanisani. Mgeni akija, kabla ya kukaa anautafuta ukuta kwa macho. "Ni hii? Kira mtu na mahari pake!" Kisha, "Mama Karanja, cherehani imenunuriwa?" Na wanacheka. Mama Karanja akiondoa kitambaa, atakuwa amekubali kosa. Akikiacha, watacheka tena Jumapili. Watu wakaanza hata kuagiza cha namna ile ile, pamoja na kosa lake, na kwa vile biashara ni biashara, alinipigia penseli, kwa mkono wake, M-A-H-A-R-I. Nilivishona. Kila nilipofika kwenye ile R nilijua sasa inasema nini. Neno lake kwangu hakulisema tena hata mara moja. Chumba kizima kilikuwa kimemnyang'anya.

Mvua ilirudi mwishoni mwa mwaka. Asubuhi moja, matope yakiwa yameshika kila mahali, Mama Karanja aliingia jikoni akakaa kwenye kigoda changu. Hakuwa amewahi kukikalia. Alivua ule uzi wa sufu shingoni, akaweka ufunguo juu ya kifuniko cha sufuria. "Cherehani mimi sina," akasema, kwa Kikuyu, ile lugha yake ya maombi. "Kuna fundi mmoja Nyeri, mwanamke, karibu na soko. Nimeongea naye. Utamfagilia duka, atakuonyesha." Nikauliza kama anasema kweli. Akaniambia nisimuulize maswali mengi asije akabadilisha nia. Nilifungua geti mwenyewe. Sikumshukuru, sikumsamehe, na nikiwa mkweli sijui kama nimewahi. Nasema tu alinilipa nusu ya mahari yangu. Ile nusu nyingine nilijilipa, miaka mitano baadaye, cherehani ya mkono iliyotumika, niliyoibeba mgongoni kama mtoto kutoka duka la Mhindi mpaka chumba nilichopanga.

Kabla sijanunua hata kitanda nilishona kitambaa kingine, maneno yale yale, kosa lile lile. Kiko dukani kwangu, juu ya meza ya kukatia. Ndicho ninachosoma asubuhi wenzangu wakisoma waridi za simu. Kuna siku nasoma mahali: mteja mwenye gari kubwa anapiga kelele ati nguo yake haijaisha, na mimi najiambia, Gathoni, hapa ni pako, usitoke nyuma ya meza. Kuna siku nasoma mahari: mtu anataka kazi ya wiki kwa bei ya chai, nami namwonyesha mlango. Mume wangu alipokufa, nikakisoma miezi mingi na sikuona kitu, herufi tu. Halafu siku moja kikarudi. Wairimu alipokuja kuniambia ameposwa, sikumuuliza kijana ana nini. Nilimuuliza, "Na wewe umetaja nini?" Alidhani nimechanganyikiwa. Nikamweleza, akaenda kutaja.

Sasa nirudi kwenye mazishi, nilipojiacha nimesimama. Makochi ni mengine. Redio hakuna, kuna televisheni. Vile vitambaa vingine vyote vimekwisha kuondolewa, ukuta umepakwa rangi ya krimu, na katikati ya ukuta ule mtupu, juu ya televisheni, kiko kimoja. Uzi mwekundu umefifia ukawa kama chai ya maziwa. Doa la damu yangu liko pale kwenye M. Karanja aliingia na bakora yake akasimama kando yangu.

"Mama alikataa itolewe," akasema. "Mjukuu wake mmoja ni mwalimu, alimwambia, Cucu, hapo ilitakiwa iwe L. Akamwambia, najua. Wacha."

"Alisema anajua?"

"Najua, wacha. Hivyo tu." Akanitazama. "Si uichukue? Ni yako."

Nilifikiria yule mama akiamka kila asubuhi, miaka arobaini, akifungua macho kwenye kosa langu, na kuliacha. Sijui alikuwa akisoma lipi, la kukaa au la kupewa. Nilimwambia Karanja, "Hapana. Iko mahali pake." Nikalitamka vizuri, ulimi juu. Halafu nikatoka nje, nikala githeri ya msiba pamoja na watu, nikarudi kwangu.

Leo nina nyumba ya mawe Giakanja, vyumba vinne, jiko lina dirisha kubwa. Nina duka la ushonaji Nyeri mjini. Nina cherehani sita, mbili za umeme, na ile ya mkono, ambayo siuzi. Nina ng'ombe wawili wa maziwa na shamba la viazi. Nina kabati yenye vikombe, na vyote vinanywewa. Nina kitambaa kimoja chenye makosa. Nina geti la chuma, la kijani. Kufuli sina.